Ni kweli baba yake malkia wa Uholanzi alizuiwa kwenda harusini kwa mwanae?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Moshi, nalifupisha: "Mwalimu, nimeangalia harusi ya malkia Máxima wa Uholanzi, bi harusi analia kanisani, watu wanasema analia kwasababu baba yake alikatazwa kuhudhuria. Ni kweli? Na kama ni kweli, yeye mtoto alikosa nini? Halafu nasikia mdogo wake mfalme naye alipotaka kuoa akanyimwa, akapoteza nafasi ya kurithi. Hawa wabunge wa Uholanzi wanaingiaje kwenye ndoa za watu?"

Dada yangu asante, swali lako nimelipenda maana wengi wanalijibu nusunusu. Baba hakuwepo, ni kweli kabisa, na mama yake pia hakuwepo. Hakuna polisi aliyewekwa mlangoni kumrudisha, mzee aliombwa asije na mwisho akakubali, ila nyuma ya hilo ombi kulikuwa na serikali, bunge, ripoti ya profesa na familia mbili zilizokaa kwenye presha miezi mingi. Na ishu ya shemeji yake ni sheria hiyohiyo ila imeisha tofauti, ntakuja hapo, kwasababu mi naona ukiziweka hizo ndoa mbili pamoja ndo unaelewa Waholanzi walikuwa wanataka nini hasa kwa mtu anayeolewa kwenye ile familia.

Tuanze na Máxima mwenyewe. Kwao anaitwa Máxima Zorreguieta, kazaliwa Buenos Aires tarehe 17 Mei 1971. Kuna watu wanamsimulia kama binti maskini aliyeokotwa na mwana wa mfalme, hapana, kwao walikuwa na uwezo mzuri tu, kasoma Northlands, shule ya kulipia inayofundisha kwa Kiingereza na Kihispania, halafu akachukua uchumi Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Argentina akamaliza 1995, mwaka uliofuata akahamia New York kufanya kazi za benki. Akapita HSBC, akaenda Dresdner Kleinwort Benson, baadae Deutsche Bank. Kwahiyo Aprili 1999 alipokutana na Willem-Alexander, huyu mfalme wa sasa, wakati ule mama yake Beatrix ndo alikuwa malkia, kwenye sherehe za Feria kule Seville, Hispania, alikuwa mwanamke wa miaka 27 mwenye kazi yake na mshahara wake. Jamaa alijitambulisha kwa jina la Alexander tu, na alipokuja kusema kwamba yeye ni mwana wa malkia dada akadhani ni utani. Wiki chache mbele kijana akapanda ndege kumfuata New York, na ndo ikawa hivyo.

Sasa baba. Jorge Zorreguieta alikuwa kwenye serikali ya kijeshi ya Jenerali Videla kule Argentina, kaanza 1976 kama naibu kwenye wizara ya kilimo, halafu kuanzia 1979 mpaka 1981 akawa ndo mkuu wa kilimo, cheo cha uwaziri kabisa. Na ile serikali sio serikali ya kawaida ambayo mtu anaweza kusema "nilikuwa nafanya kazi yangu tu" ikaisha hapo. Ilipindua nchi tarehe 24 Machi 1976, ikaanza kukamata wanafunzi, viongozi wa wafanyakazi, waandishi wa habari, mapadri, yeyote aliyeonekana wa mrengo wa kushoto, wanachukuliwa usiku hawarudi. Wengine walidungwa sindano za usingizi wakatupwa baharini kutoka kwenye ndege wakiwa hai. Tume ya serikali iliyoundwa baadae iliorodhesha karibu watu 9,000 waliopotezwa, mashirika ya haki za binadamu ya Argentina yanasema ni 30,000. Kinamama wa hao vijana wakawa wanazunguka uwanja wa Plaza de Mayo kila Alhamisi wamefunga vilemba vyeupe, wanauliza swali moja tu, watoto wetu wako wapi.

Na Waholanzi hii habari walikuwa wanaijua mapema kuliko nchi nyingi za Ulaya, kwa njia ya mpira. Wapenzi wa soka wanakumbuka fainali ya Kombe la Dunia 1978, Argentina 3 Uholanzi 1, uwanja wa River Plate, Kempes kafunga mawili na majenerali wako jukwaani wanashangilia. Sio mbali na uwanja ule kulikuwa na chuo cha jeshi la majini, ESMA, na mle ndani watu waliotekwa walikuwa wanateswa mashindano yakiendelea. Kabla ya kombe kule Uholanzi kulikuwa na kampeni timu isiende, na televisheni ya Uholanzi iliwarekodi wale kinamama wa Plaza de Mayo wakilia na kuomba dunia iwasaidie. Kwahiyo unaposikia kwamba mwaka 2001 mtu mzima wa Amsterdam alikasirika kusikia mkwe wa kifalme ni mtoto wa waziri wa Videla, ujue hakuisoma kitabuni, aliiona sebuleni kwake akiwa kijana.

Kitu kingine, hii familia ya Orange, yaani ukoo wa kifalme wa Uholanzi, ilishawahi kuunguzwa na wakwe. Bernhard, mume wa malkia Juliana, mama yake Beatrix, alikuwa Mjerumani ambaye ujanani alijiunga na chama cha Hitler, na mwaka 1976 akaja kudondoka na skendo ya hela za kampuni ya ndege ya Lockheed. Halafu Claus, baba yake Willem-Alexander, naye Mjerumani, alipita kwenye umoja wa vijana wa Hitler na jeshi la Ujerumani kama vijana wote wa umri wake, na siku anamuoa Beatrix, 10 Machi 1966, Amsterdam ilijaa fujo na mabomu ya moshi. Claus baadae wakaja kumpenda mno, labda kuliko mtu yeyote wa ile familia, ila kidonda kilibaki, kila akija mgeni swali la kwanza ni kwao walikuwa upande gani.

Sheria yenyewe sasa, maana hapa ndo wengi wanachanganya. Katiba ya Uholanzi haimkatazi mtu wa ukoo wa kifalme kuoa anayemtaka. Inachosema ni kwamba ukitaka kubaki kwenye mstari wa kurithi, ndoa yako lazima ipate ridhaa kwa sheria inayopitishwa na mabunge yote mawili yakikaa kwa pamoja. Ukioa bila hiyo ridhaa ndoa ni halali, wewe ni mume wa mtu, ila kiti umekipoteza wewe na watoto wa hiyo ndoa. Na muswada unapelekwa na serikali, kwahiyo mlinda mlango wa kwanza ni waziri mkuu, akiona hawezi kusimama mbele ya wabunge akakutetea, haupeleki. Dini siyo kikwazo kisheria, Máxima ni Mkatoliki na mpaka leo hajabadili, ingawa ule ukoo ni wa Kiprotestanti na watoto wamebatizwa huko.

Wim Kok ndo alikuwa waziri mkuu. Alichofanya, na mimi nampa heshima yake kwa hili, hakungoja magazeti yamlipulie. Alimpa kazi profesa Michiel Baud, mtaalamu wa historia ya Amerika ya Kusini, achunguze huyu mzee alifanya nini na alijua nini. Majibu ya Baud yalikuwa hivi: hakuna ushahidi kwamba Zorreguieta alihusika mwenyewe na mauaji au utesaji, lakini mtu mwenye cheo kile ndani ya serikali ile haiwezekani akawa hajui kabisa kilichokuwa kinaendelea. Sentensi ya kwanza ilimpa binti nafasi ya kuolewa, ya pili ikamfungia baba mlango.

Aliyepewa kazi ya kwenda kuongea na mzee ni Max van der Stoel, waziri wa zamani wa mambo ya nje. Uchaguzi wa mtu huyu haukuwa wa bahati mbaya, huyu ndo aliyeandika ripoti kali za utesaji wakati wa utawala wa kijeshi Ugiriki miaka ya sitini mwishoni, baadae akafanya kazi ya Umoja wa Mataifa kuchunguza Iraki ya Saddam. Umtume mtu kama huyo kwa waziri wa Videla, wakae meza moja, wazungumze kuhusu harusi ya binti! Mikutano haikuwa mmoja, na mwisho mzee akakubali kukaa nyumbani. Mama yake Máxima akasema kama mume wangu haendi na mimi siendi.

Uchumba ukatangazwa 30 Machi 2001, laivu kwenye televisheni. Mi hii siku naipenda kuliko harusi yenyewe. Huyu dada alikuwa amehamia Brussels kwa kazi ya benki na huko akajifunza Kiholanzi, akakaa mbele ya nchi nzima anajibu maswali kwa lugha ambayo hana nayo hata miaka miwili. Wakamuuliza kuhusu baba. Akasema anaupinga ule utawala na mambo uliyoyafanya, kwamba anasikitika baba yake alijitolea kwa ajili ya kilimo ndani ya serikali mbaya, na kwamba anamuamini baba yake alikuwa na nia njema. Hakumkana mzazi, hakuutetea utawala. Halafu ikaja ishu ya mchumba wake, ambaye wiki chache nyuma akiwa New York alijaribu kumtetea mkwe kwa kutaja barua iliyotoka gazetini Argentina, kumbe mwandishi wa barua ni Videla mwenyewe! Waandishi wakaikumbusha, na Máxima akasema kwa utulivu tu kwamba mchumba wake alikuwa mjinga kidogo. Ukumbi ukacheka, nchi ikacheka, na watu wengi wa Uholanzi watakwambia aliwachukua siku ile ile. Tarehe 17 Mei, siku ya birthday yake ya miaka 30, akapewa uraia, na Julai mabunge yakapitisha ndoa kwa kura nyingi.

Sasa swali lako, mtoto alikosa nini. Hakukosa kitu, dada. Mapinduzi yanafanyika alikuwa hajatimiza hata miaka mitano. Na ndo maana yeye aliruhusiwa kuolewa na mumewe hakupoteza kiti. Ila harusi ya mrithi wa kiti sio shughuli ya ukoo peke yake, ni shughuli ya dola, mabalozi wapo, wafalme wapo, na mtu anayekaa mstari wa mbele anakuwa amepewa heshima na nchi. Jaribu kufikiria mama wa Buenos Aires ambaye binti yake hajawahi kupatikana hata mfupa, anawasha televisheni anamuona waziri wa Videla anasindikizwa kanisani na askari wa gwaride. Mi kwa upande wangu naona serikali ilikata pale panapokatika kwa haki, binti aingie, baba abaki, ingawa najua kuna watu wazuri wanaona ilikuwa ukatili kwa bi harusi na siwezi kuwaambia hawana hoja, kwetu sisi harusi bila baba wa bi harusi aliye hai ni kitu kizito sana.

Tarehe 2 Februari 2002 ikafika, Amsterdam. Ndoa ya serikali ilifungwa jengo la Beurs van Berlage na meya Job Cohen, halafu wakaenda kanisa la Nieuwe Kerk, na padri kutoka Argentina, Rafael Braun, akapewa nafasi kwenye ibada. Pale ndo ikapigwa tango, muziki wa kwao Argentina, inayoitwa Adiós Nonino, kwa bandoneoni, ile ndugu yake akodiani ya kwenye taarabu. Huo wimbo Astor Piazzolla aliutunga 1959 baada ya kupata taarifa kwamba baba yake amefariki akiwa mbali nae, Nonino ndo jina walilokuwa wanamuita mzee. Kwahiyo yale machozi uliyoyaona dada, anayejua wimbo ni wa nini haulizi sababu. Aliyepiga ni Mholanzi, Carel Kraayenhof, na toka siku ile watu wa Uholanzi wanaujua huo wimbo hata wasiojua kitu kingine chochote cha tango.

Haya, shemeji. Mdogo wake Willem-Alexander anaitwa Friso, Juni 2003 akatangaza uchumba na Mabel Wisse Smit. Kwenye makaratasi huyu Mabel alikuwa na sifa zote, Mholanzi, msomi, miaka ya vita ya Bosnia alikuwa mstari wa mbele kwenye kampeni za amani, halafu akaongoza ofisi ya Brussels ya taasisi ya George Soros. Hakuna baba waziri, hakuna Videla. Shida ikaja kwamba akiwa mwanafunzi aliwahi kufahamiana na Klaas Bruinsma, bosi mkubwa wa madawa ya kulevya aliyepigwa risasi Amsterdam 1991. Serikali ilishamuuliza, akajibu kwamba walifahamiana juujuu tu kupitia michezo ya boti. Oktoba 2003 televisheni ikatoa mlinzi wa zamani wa Bruinsma akidai ukaribu ulikuwa mkubwa zaidi, Mabel akakataa, akasema hawakuwa wapenzi, lakini wao wawili wakakiri kwamba maelezo waliyoyatoa mwanzo hayakuwa kamili. Tarehe 10 Oktoba waziri mkuu Balkenende akatangaza kwamba hapeleki muswada bungeni, kwasababu alipewa taarifa pungufu na zisizo sahihi.

Unaona tofauti? Huyu wa kwanza alikuwa na jambo zito mara kumi, mauaji ya maelfu ya watu na baba mezani, lakini likawekwa wazi lote mpaka likaandikwa ripoti. Huyu wa pili alikuwa na urafiki wa ujanani ambao pengine wangesema wote siku ya kwanza ungepita na makelele ya wiki mbili. Balkenende hakumlaumu kwa kumjua Bruinsma, alilaumu kutoambiwa ukweli, maana yeye ndo angesimama mbele ya wabunge kuapa kwamba kila kitu kiko sawa.

Friso akamchagua mke. Walioana Delft 24 Aprili 2004, akatoka kwenye mstari wa kurithi ambapo alikuwa wa tatu, wakahamia London, wakapata watoto wawili wa kike. Februari 2012 akafukiwa na maporomoko ya theluji akiwa kwenye ski kule Lech, Austria, akakaa kwenye koma mwaka mmoja na nusu akafariki Agosti 2013 na miaka 44. Mabel alikuwa anaongoza The Elders, lile baraza la wazee lililoanzishwa na Mandela, na 2011 akashiriki kuanzisha Girls Not Brides, mtandao unaopigania wasichana wasiozeshwe utotoni, ambao una mashirika wanachama mpaka huku kwetu Afrika Mashariki. Mi huyu mama namheshimu sana, kanyimwa jina kubwa na kazi kafanya.

Nirudi kwa Máxima nimalizie. Mzee Zorreguieta hakufukuzwa maishani mwa binti, kwenye shughuli za kifamilia alikuwa anakuja, hata ubatizo wa mjukuu wa kwanza 2004 alikuwepo. Ila Januari 2013 Beatrix alipotangaza kumuachia kijana kiti, Máxima hakungoja aambiwe, alimpa taarifa waziri mkuu Rutte kwamba wazazi wake hawatakuja kwenye kuapishwa. Tarehe 30 Aprili 2013 akawa malkia, wa kwanza Uholanzi kuwa malkia kwa kuolewa na mfalme toka Emma mwaka 1890, maana katikati waliotawala ni wanawake watupu, Wilhelmina, Juliana na Beatrix. Baba akafariki Agosti 2017 na miaka 89. Mwaka uliofuata, Juni, mdogo wake wa mwisho Inés naye akajiua akiwa na miaka 33, na Máxima wiki chache baadae alisimama mbele ya waandishi akaliongelea waziwazi, akawaambia wanaopitia maradhi ya akili wasikate tamaa. Kwa familia za kifalme hilo ni jambo kubwa, huwa wanafunika.

Madaraka hana, cheo cha malkia ni cha heshima, anayetawala kwa katiba ni mume wake na hata huyo anaongea yanayokubaliwa na mawaziri. Kazi yake kubwa ameifanyia Umoja wa Mataifa, toka 2009 alikuwa mjumbe maalumu wa Katibu Mkuu kwenye huduma za fedha kwa watu wasio na benki, na kwa hilo huku kwetu amefika, 2013 alikuja Tanzania wakati nchi inaweka mpango wa taifa wa mambo hayo. Takwimu za Benki ya Dunia zinasema mwaka 2011 watu wazima 17 tu kati ya 100 Tanzania walikuwa na akaunti, 2014 wakafika 40, sababu kubwa ni pesa za kwenye simu, na huyu mama mchumi alikuwa anazunguka dunia akiwaonesha magavana wa benki kuu mambo ya namna hiyo. Machi 2025 yeye na mfalme walifanya ziara ya kitaifa Kenya, na kabla hawajafika Wakenya zaidi ya 20,000 walisaini ombi la kuwataka wasije, kwasababu ya vijana waliokuwa wanatekwa toka maandamano ya 2024. Ziara ikaendelea, serikali ya Uholanzi ikasema ni heri kwenda kuzungumza. Kati ya wageni wote wa kifalme ambao wangeweza kupelekewa lile ombi, ni yeye tu ambaye neno kupotezwa limemfuata toka utotoni mpaka madhabahuni, na mimi nadhani wale vijana wa Nairobi walikuwa na haki kabisa ya kumuandikia.

Na kwa kuwa uliuliza kuhusu wabunge, hiyo sheria haijaguswa. Binti yake mkubwa Amalia, aliyezaliwa Desemba 2003, ndo mrithi wa kiti sasa. Oktoba 2021 Rutte alishatoa msimamo kwamba hata mrithi akitaka kuoana na mtu wa jinsia yake hatalazimika kuachia kiti, lakini awe nani huyo mchumba, muswada utaandikwa, na mabunge mawili yatakaa.